Kwa Nini Tai Husafiri Mchana na Si Usiku

Mazungumzo haya yahusu wageni ambao kila mwaka hufika katika nchi ya Kenya bila kupiga hodi, bila mizigo wala nauli, nao hupita juu ya vichwa vya watu wengi wasiowajua.

Katika miezi ya Oktoba na Novemba, mvua za vuli zinapokaribia, mtu asimamaye ukingoni mwa Bonde la Ufa saa nne za asubuhi aweza kuona jambo la ajabu. Juu sana mbinguni, mahali ambapo jicho hufika kwa shida, pana vitone vyeusi vizungukavyo polepole. Havipigi mabawa hata kidogo. Vyazunguka tu, na katika kuzunguka vyazidi kupanda, mpaka kimoja huacha mzunguko ule na kuteleza kuelekea kusini. Kisha chafuata cha pili, na cha tatu, kama watu wapitao katika njia nyembamba. Kule chini mama mwenye kuku hutazama juu, akakusanya vifaranga vyake, akasema, "Mwewe hao wamekuja."

Hakosi kuogopa, maana mwewe ni mwizi wa siku zote. Lakini wale walio juu si mwewe wa kijijini. Wengi wao ni tai wa nyika, waliozaliwa katika mbuga za majani za Kazakhstan, Urusi na Mongolia, pamoja na vipanga wa namna nyingi waliotoka Ulaya na Asia. Wamekwisha kwenda maelfu ya kilomita, na baadhi yao watapita mpaka kusini kabisa ya Afrika kabla ya kurudi mwezi wa Machi na Aprili. Jambo la kuulizwa ni hili: ndege wengi wadogo wasafirio njia hiyo hiyo huenda usiku, watu wakiwa wamelala. Mbona tai, mwenye nguvu kuwashinda wote, hungoja jua?

WASAFIRI WA USIKU

Ili kumfahamu msafiri wa mchana, yafaa kwanza kumfahamu yule wa usiku. Katika mbuga ya Tsavo Magharibi, juu ya mteremko wa vilima vya Ngulia, iko hoteli ya watalii. Katika miezi ya Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka, taa za hoteli ile huvuta ndege wadogo kwa maelfu, ambao walikuwa wakipita gizani pasipo mtu kujua. Tangu mwaka 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu laini, kuwavika pete miguuni na kuwaachilia. Wako ndege waimbao wa Ulaya na Asia, na wengine uzito wao ni gramu 12 tu, nao wametoka mbali kama tai alivyotoka.

Ndege hawa wana sababu nzuri za kuupenda usiku. Ndege mdogo hana budi kupiga mabawa yake mfululizo, wala hapumziki angani. Kazi hiyo yamtia joto mwilini, na joto lamkausha maji. Usiku hewa ina baridi, naye apoa. Tena usiku hewa imetulia, haimtupi huku na huku. Usiku kozi na vipanga wengi wamelala, hawamwindi. Nyota zamsaidia kushika njia. Na kubwa kuliko yote, mchana ataweza kuutumia kutafuta wadudu na matunda, apate kujaza mafuta yaliyoungua usiku. Kwa hiyo yeye ni kama mtu afanyaye safari usiku na kwenda sokoni mchana.

Basi sababu hizo kwa tai hazina nguvu. Hana wa kumwinda angani. Na iwapo usiku una faida ya baridi na utulivu, ule utulivu wenyewe ndio adui yake. Hapa ndipo penye kiini cha habari.

JAHAZI NA MTUMBWI

Watu wa pwani wanajua tofauti ya mtumbwi na jahazi. Mwenye mtumbwi ana kasia lake. Akitaka huondoka asubuhi, akitaka huondoka usiku, na shwari ndiyo aipendayo. Lakini jahazi zito haliendi kwa kasia. Nahodha wake hungoja kaskazi avume ndipo atweke tanga, na bahari ikiwa shwari hana safari. Ndege mdogo ni mtumbwi. Mabawa yake ndiyo makasia. Tai ni jahazi.

Tai wa nyika ana uzito wa kilo mbili hata nne. Kadiri ndege azidivyo kuwa mzito, ndivyo gharama ya kupiga mabawa inavyozidi, na inazidi upesi kuliko nguvu za misuli yake. Tai akipiga mabawa kutoka Kazakhstan mpaka Kenya, angemaliza mafuta yote ya mwili wake njiani. Lakini mabawa yake ni mapana na marefu, kama tanga lililokunjuliwa. Akipata hewa ipandayo juu, hana haja ya kuyapiga. Hunyosha tu, akachukuliwa. Wataalamu waliopima mapigo ya moyo wa tumbusi waliona ya kuwa aeleapo juu ya hewa ya namna hii, moyo wake hupiga karibu sawa na wakati alipotua na kupumzika.

Na hewa hii ipandayo yatoka wapi? Yatoka kwa jua. Asubuhi jua lapasha ardhi moto, wala haipati moto sawasawa. Shamba lililolimwa, mwamba mtupu na uwanja mkavu hupata moto upesi. Msitu na ziwa hukawia. Hewa iliyo juu ya mahali penye moto huwa nyepesi, ikapanda, mfano wa moshi wa jikoni. Kila mtoto amekwisha kuona kisulisuli kinachochukua vumbi na majani makavu uwanjani mchana wa jua kali. Kile ni kidogo tu. Nguzo ya hewa ambayo tai huitumia yaweza kupanda mita elfu moja, elfu mbili na zaidi, nayo haionekani kwa macho isipokuwa kwa wingu jeupe lifananalo na pamba ambalo mara nyingi hukaa juu yake kama kofia.

Tai huingia katika nguzo hiyo, akazunguka ndani yake asije akatoka, akainuliwa mita mbili au tatu kwa kila sekunde. Akifika juu huelekeza kichwa anakokwenda, akakunja mabawa kidogo na kuteleza. Kutoka urefu wa mita 1000 aweza kuteleza kilomita 10 au zaidi kabla ya kuhitaji nguzo nyingine. Humo njiani hutazama mbele: liko wapi wingu, uko wapi uwanja mkavu, na wako wapi wenzake waliokwisha kuanza kuzunguka. Hii ni sababu ya pili ya kupenda mchana, na sababu ya kwenda kwa makundi. Mmoja akipata ngazi, wote waiona.

Bwana Colin Pennycuick, Mwingereza aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi na baadaye akafanya kazi Serengeti, alitaka kuyaona mambo haya kwa karibu. Alitwaa eropleni ndogo yenye mabawa marefu, ambayo injini yake yaweza kuzimwa angani, akapanda pamoja na tumbusi, korongo na ndege wengine wakubwa katika hewa ile ile iliyowainua wao. Habari za kazi hiyo alizichapisha mwaka 1972. Kwa kuzunguka nao aliweza kupima mwendo wao, upandaji wao, na namna wachaguavyo njia, jambo ambalo mtu aliye chini na darubini yake hawezi kulipima.

RATIBA YA SIKU MOJA

Kwa hiyo siku ya tai asafiriye ina saa zake. Alfajiri yuko juu ya mti au mwamba, naye hana haraka. Ardhi ingali baridi na hewa imelala. Saa tatu hivi jua likiwa limepata nguvu, hewa yaanza kuamka, naye hujaribu. Saa sita mpaka saa tisa ndizo saa zake njema, nguzo zikiwa refu na zenye nguvu. Jioni ardhi hupoa, nguzo hulegea, naye hushuka kutafuta mahali pa kulala. Kwa siku njema huenda kilomita 200 na zaidi. Siku ya mvua hukaa mtini akalowa.

Usiku hauna ngazi hizi. Tai arukaye usiku angekuwa kama nahodha alazimikaye kuvuta jahazi kwa kasia. Jua likizama, safari nayo imekwisha.

BAHARI HAINA NGAZI

Jambo hilo hilo laeleza njia zao. Maji hayapati moto upesi kama nchi kavu, na kwa sababu hiyo juu ya bahari katika njia zao hewa ipandayo ni haba na dhaifu. Tai na vipanga wenye mabawa mapana huiepuka bahari, wakazunguka mbali kutafuta mahali ambapo nchi mbili zakaribiana. Watokao Ulaya ya magharibi hukusanyika Gibraltar, ambapo mlango wa bahari una kilomita 14 tu. Wengine hupita Bosporus na Suez. Wengi wa tai wa nyika hushuka Arabuni mpaka Bab el Mandeb, kati ya Yemen na Djibuti, ambapo bahari ina upana wa kilomita 30 hivi, ndipo wavuke kuingia Afrika. Katika vuli ya kaskazini ya mwaka 1987 watazamaji waliokaa upande wa Djibuti walihesabu ndege wawindao karibu robo milioni wakivuka pale.

Huko Batumi katika nchi ya Georgia, kati ya milima na Bahari Nyeusi, hesabu iliyoanza mwaka 2008 imeonyesha zaidi ya ndege milioni moja wa jamii hizi kwa msimu mmoja. Na Veracruz katika nchi ya Mexico, ambapo nchi kavu hubanwa kati ya milima na bahari, wamehesabiwa zaidi ya milioni nne. Watu wa huko wameupa mkondo huo jina la mto, na aliyeuona hasemi kuwa ni chuku.

KOZI AVUKAYE BAHARI

Yafaa hapa kusema wazi ya kuwa si ndege wawindao wote walio chini ya kanuni hii. Wako wenye mabawa membamba yaliyochongoka, na miili myepesi, ambao kupiga mabawa si mzigo mkubwa kwao. Hao hawalitegemei jua kama tai alitegemeavyo.

Mfano ulio bora ni kozi wa Amur. Huyu ni mdogo, uzito wake gramu 150 hivi, naye huzaa mashariki ya Siberia na kaskazini ya China. Kila mwaka hupita India, kisha huvuka Bahari ya Hindi kilomita 3000 na zaidi, mchana na usiku bila kutua, mpaka pwani ya Afrika. Kutoka huko wengi hupita Kenya mwezi wa Novemba na Desemba wakielekea kusini. Na wakati wanapovuka ndio wakati ambao kaskazi huanza, upepo ule ule uliowaleta mabaharia wa India na Arabuni kwa karne nyingi. Yadhaniwa pia ya kuwa njiani hula kerengende, ambao nao huvuka bahari hiyo katika msimu huo.

Kwa hiyo kozi wa Amur hakanushi kanuni ya tai, bali aithibitisha. Si macho yamzuiayo tai kusafiri usiku, wala si woga. Ni uzito wake na namna ya mabawa yake. Aliye mwepesi na awezaye kupiga kasia haulizi kama jua limechomoza.

MLANGO MMOJA, HATARI MOJA

Hekima hii ya kutumia jua ina bei yake. Ndege wa usiku hutawanyika katika anga pana. Tai wote hupita katika njia chache, na kila jioni hawana budi kushuka kati ya watu. Uovu mdogo uliowekwa mahali pao pa kupita au pa kulala waweza kuua wengi.

Karibu na Port Sudan ilikuwako laini ya umeme iliyojengwa katika miaka ya 1950. Nchi ile haina miti mingi, na ndege wachovu walitua juu ya nguzo. Mwenye mabawa mapana akigusa waya na chuma kwa mara moja hufa papo hapo. Kwa miaka mingi tumbusi wadogo weupe waitwao wa Misri walikufa chini ya nguzo zile, mpaka laini ile ilipozimwa mwaka 2014 na nyingine yenye kinga ikatumika badala yake.

Katika nchi ya Argentina, mwaka 1995 na 1996, maelfu ya vipanga waliotoka Amerika ya Kaskazini walikutwa wamekufa mashambani. Wakulima walikuwa wamenyunyiza dawa kali kuua panzi, na vipanga wale chakula chao kilikuwa panzi wale wale. Mkulima aliua adui na rafiki kwa siku moja, asijue. Baadaye dawa ile ilikatazwa.

Lakini kuna habari njema pia. Katika jimbo la Nagaland, India, mwaka 2012 kozi wa Amur walikuwa wakinaswa kwa nyavu maelfu kwa maelfu karibu na bwawa la Doyang, wakauzwa kwa chakula. Habari hizo zilipoenea, wazee na wanakijiji walifanya shauri, na mwaka 2013 nyavu ziliondolewa, na wavuvi waliokuwa wakiwanasa wakawa walinzi wao. Katika Israel, mwaka 1983 kipanga mmoja aligongana na eropleni ya kivita, na rubani aliponea chupuchupu. Mtaalamu Yossi Leshem aliwafuata ndege kwa eropleni nyepesi na mashine za rada, akachora saa na njia zao. Kwa kuwa wasafiri wa mchana hufuata saa, marubani waliweza kuwaepuka, na migongano ikapungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Kadhalika penye mitambo ya umeme wa upepo, katika Ghuba ya Suez na hata Kajiado, wamewekwa watazamaji wa kuzimisha mitambo ndege wakubwa wanapokaribia. Yaonekana basi ya kuwa ujuzi mdogo waweza kuokoa pande zote mbili.

MWENYEJI NA MGENI

Sasa habari yarudi kwa yule mama aliyekusanya vifaranga. Tai aliye juu sana azungukaye bila kupiga mabawa hana shauri na kuku wake. Huyo yu safarini. Akishuka, chakula akipendacho katika majira ya vuli ni kumbikumbi. Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakitoka ardhini, tai mkubwa wa nyika huonekana akitembea chini kama kuku, akidonoa wadudu wale. Hula pia panya na nzige. Mwizi wa vifaranga ni mwewe na wenziwe wa karibu, na dawa yake ni tundu lililofunikwa vizuri na kichaka cha kukimbilia, si sumu wala mtego.

Sumu ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba au fisi ana uchungu, na uchungu wake ni wa haki. Lakini akitia sumu katika mzoga, hamchagui amwuaye. Tumbusi hushuka, na tai wa nyika, ambaye hula mizoga pia, hushuka pamoja nao. Ndege aliyeponea nyaya za umeme, bahari na jangwa, hufa kwa tonge moja. Na kumrudisha si kazi nyepesi: jike hutaga mayai mawili hivi kwa mwaka, na kinda hukaa miaka kadhaa kabla ya kuwa na kiota chake. Mwaka 2015 tai wa nyika aliandikwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Boma imara, mbwa mzuri na taarifa ya mapema kwa askari wa wanyama ni njia zilizo bora kuliko sumu, ambayo yaweza kumfikia hata mtoto na mbwa wa mwenye boma.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu hula panya wa shamba na nzige wa malisho, wala haombi malipo. Aombalo ni mambo mawili tu: jua la mchana la kumpandisha, ambalo hakuna awezaye kumnyima, na mti salama wa kulala saa kumi na mbili za jioni, ambao uko mikononi mwa mwenyeji.